Pua Yangu na Sabuni Nyekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo nimenusa magunia sita ya omena, dagaa wetu wa ziwani, kabla ya chai. Moja nimelirudisha. Nikamwambia mwenye gunia, hii omena ilinyeshewa ikianikwa, umeichanganya na kavu. Akakataa, halafu akacheka. Hapa Usenge hakuna pua kama yangu. Wanunuzi wa Kisumu wananiita Mzee Pua.
Mke wangu, Mama Achieng, bado analala jikoni. Wiki ya tatu.

Jumanne, tarehe 4
Ukungu ziwani. Maboti yanakaa kama yameanikwa hewani. Nimeota ziwa limekauka, Mama Achieng anatembea huko chini kwa mchanga, mbali sana, hageuki.
Niandike ukweli, kitabu hiki ni changu. Mwezi uliopita, tukiwa kitandani, nilimwambia, "Mama, samaki huyu hajatoka ziwani." Utani. Nilicheka peke yangu. Ilikuwa jasho na omena tu, anaanika kutwa. Kesho yake akaanza kujiosha huko ndani. Sabuni ya dawa, ile nyekundu. Mimi ndio nilinunua.

Alhamisi, tarehe 6
Sasa harufu iko kweli. Anatokwa na maji ya kijivu, mepesi. Akikojoa inachoma. Nimemletea sabuni kali zaidi. Ameipokea.
Nafikiria wanaume wa ufuo wote, mmoja mmoja. Chai imenishinda.

Ijumaa, tarehe 7
Nimemuuliza ni nani. Hakulia. Amefunga nguo zake kwa leso. Kesho anaenda kliniki, halafu kwa kaka yake, huko Otonglo, na harudi.
"Hiyo pua yako ibaki ikupikie."
Naogopa. Sijawahi kuandika hilo neno.

Jumamosi, tarehe 8
Nimemfuata kliniki. Hakuniita, hakunifukuza.
Sista ni mdogo kuliko Achieng, binti yetu. Nikamwambia mimi ugonjwa naujua kwa harufu. Akasema, "Mzee, hapa tunapima." Akachukua majimaji kwa pamba, akaenda kuangalia kwa hadubini. Akarudi akaeleza polepole. Uchafu ukiwa mzito kama maziwa lala, na kuwashwa, mara nyingi ni fangasi. Kuna mwingine wa kijani, una povu. Huo watu wanaambukizana, na mume anameza dawa pia. Lakini harufu peke yake haitoshi, lazima kupima. Shida ya Mama Achieng si hizo mbili. Ndani mwanamke ana vijidudu vizuri, vinamlinda. Sabuni imeviua, vibaya vimejaa. Si ushahidi wa mwanaume mwingine. Ndani panajisafisha penyewe. Nje, maji yanatosha.
Halafu akamuuliza nani alimwambia ajioshe ndani.
"Hakuna. Ni mimi tu."
Miaka thelathini sijamsikia akidanganya. Kifua kikawa kama gunia lililolowa. Nikasema, ni mimi, sista. Na sabuni nilinunua mimi. Sauti ilitoka ndogo. Mama Achieng aliangalia dirisha.

Jumatano, tarehe 12
Anameza vidonge asubuhi na jioni. Mimi nachota maji. Majirani wanacheka, "Mzee Pua ameolewa." Wacheke.

Jumapili, tarehe 16
Vidonge vimeisha. Hakuna kinachochoma tena. Leso bado imefungwa, iko juu ya kiti. Sabuni nimeoshea ndara.
Mchana mvua imepiga mabati. Nilikuwa nimelala. Akaingia, akalala upande wake, akanipa mgongo. Moshi. Omena. Mafuta ya nywele. Nilijua kila harufu, nikanyamaza.