Mwisho Niliomtungia Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Masomo ya hiari yameanza. Nimechukua yote matatu — Uongozi, Huduma, Falsafa. Kasuku, mwenzangu wa dawati, kanicheka: eti najitwisha mzigo wa punda ili masista wanisifu. Nikamwambia ana wivu. Lakini kweli nautaka ukapteni wa kundi la Huduma. Sista wa Uongozi kasema atamteua atakayewatumikia wazee kwa moyo. Moyo ninao!

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba ya wazee. Harufu ya dawa ya sakafu na maziwa yaliyoungua. Wenzangu wamepewa kufua mashuka, mimi kumsomea kipofu — bahati iliyoje! Wanamwita Fundi Saa. Alitengeneza saa za watu mpaka macho yakamwisha; vidole bado vinachezacheza, kama vinatafuta skrubu. Anataka riwaya moja tu, aliyoianza zamani asiimalize: baba kamfukuza binti yake kwa ajili ya mchumba, kisha uzee umemshika anamtafuta. Kitabu kinene kama tofali! Nikaanza kuruka kurasa. Mbili, halafu nyingi. Hakugundua. Kasema nasoma vizuri, mjukuu wake mimi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefanya nini mimi?
Basi la shule linapiga honi, wenzangu wameshapanda, Fundi Saa kanishika mkono. "Usiniache njiani, mjukuu wangu. Binti alimpokea?" Na kurasa bado tele! Nikatunga. Nikasema binti alifungua mlango, akampigia baba yake magoti, akalia, akamwambia karibu nyumbani. Hata karatasi nilizigeuza, asikie sauti yake! Mzee akalia mpaka kola ikalowa. Sista mlezi wa wazee alikuwa mlangoni, naye akafuta macho.
Ukapteni nimeupata. Wametangaza humo humo kwenye basi. Makofi.

Jumapili, 16 Machi
Nimesoma mwisho wenyewe. Binti hakufungua. Aliongea naye dirishani, akamwambia arudi alikotoka. Basi.

Jumanne, 18 Machi
Falsafa. Padre kauliza: uongo unaomfurahisha mtu una ubaya gani? Nani kainua mkono? Mimi! Nikasema mwongo humnyang'anya mwenzake haki ya kuona kwa macho yake. Macho — nilitamka hivyo hivyo. Padre kaiandika sentensi yangu ubaoni. Ikakaa pale kipindi kizima. Ardhi ingenimeza ningeishukuru.

Alhamisi, 20 Machi
Kumbe Fundi Saa ana binti! Naye alimfukuza, kwa sababu ile ile ya mchumba. Sista mlezi kapiga simu shuleni kutusimulia: miaka yote mzee hakuthubutu hata kulitaja jina lake, lakini tangu asomewe amepata ujasiri, ameomba binti apigiwe simu. Wameongea. Binti atakuja Jumamosi.
Sista wa Uongozi kanikumbatia mbele ya darasa. "Huu ndio uongozi, mwanangu!" Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema asante, Sista.

Ijumaa, 21 Machi
Kesho namwambia. Kabla binti hajafika. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 22 Machi
Naandika jikoni, nyumba ya wazee. Nimesema nafuata maji.
Nilimkuta kanyolewa, shati jeupe, begi miguuni — anaamini anachukuliwa leo! Nikasema shikamoo babu, kile kitabu... Akanikatiza. "Kitabu hicho ni dawa, mjukuu wangu. Mungu akulipe." Nikamnyooshea kola!
Kapteni ndiye hupokea wageni, nikatumwa langoni. Mama mmoja kasimama nje, haingii. Vidole virefu kama vya babaye. Nikamwamkia, nikamwambia babu anamsubiri. Akaniuliza kama ni mimi niliyemsomea.
"Ndiyo, mama."
"Hebu niambie, ni kitabu gani hicho? Nilifikiri kaniita aniombe radhi. Ananiambia kwenye simu kila kitu kitakwisha nikimpigia magoti, kama binti wa kitabuni. Mimi! Aliyenitupia nguo zangu barabarani! Nimesafiri usiku kucha najiuliza, nimefika hapa, mguu umegoma."
Magoti. Yale niliyaweka mimi. Kitabuni hamna magoti popote!
Nilikuwa nacho kwapani. Nikakisukuma nyuma ya mgongo.
Akasema, taratibu sasa: "Mwanangu, nenda kamwambie sikufika. Wewe atakuamini."
Nikaitikia! Nimeitikia "sawa mama," nikaja kujificha huku, bomba nimelifungua likimwaga maji bure. Dirishani namwona: bado yupo langoni, kageuza mgongo, lakini hajaondoka.
Fundi Saa anaita koridoni. Lango kalisikia. "Amefika? Mjukuu wangu, amefika?"
Fimbo inagonga. Haelekei langoni. Anakuja huku, kwenye sauti ya maji —