Msomaji Aliyeniamkia

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Mgongo umepona, ahsante kwa kuuliza.

Safu yangu gazetini bado inanipa vituko. Wiki hii fundi viatu mmoja amekuja juu, anataka kujua kama kuku wake wanalipiwa kodi. Mwingine anauliza habari za mirathi ya baba ambaye bado mzima! Mhariri ananisihi nipunguze ukali. Sipunguzi.

Swali lako nililijibu Jumanne: mama akihama na watoto, yeye ndiye anayewaandika kwenye fomu yake ya kodi. Ulijiita "Msomaji wa Siku Nyingi", na mumeo hukumtaja. Lakini mwanangu, wasomaji wangu huanza kwa kufoka. Nani mwingine angeniamkia, kisha aniulize hali ya mgongo ambao sijawahi kuutaja gazetini?

Nilimsomea mama yako. Akaenda kutandika shuka safi kwenye chumba chako, na godoro la wajukuu akaliweka chini, karibu na kitanda. Hajauliza kumetokea nini. Mimi pia siulizi.

Mkifika msipige hodi. Mlango wa uani hatuufungi.

Baba yako