Anayetazama ni Mama Mkwe, Anayesifiwa ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba uninasue kabla Jumamosi haijafika, maana nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi ni mwandishi wa gazeti, kila wiki naandaa ukurasa wa kupendekeza vipindi vya televisheni, programu za simu na majarida ya kusoma nyumbani, na najiita Macho Manne, lakini ukweli ni kwamba hayo macho si yangu, mimi nikikaa mbele ya televisheni nasinzia kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, ila mama mkwe, fundi cherehani mstaafu tunayeishi naye, anatazama kila kitu na kukichambua, nami niko pale mezani namenya viazi na kunasa maneno, akisema, "Hii programu ya kunikumbusha kunywa maji inasumbua kuliko kiu yenyewe," naandika, akilitupa jarida la mitindo na kusema, "Picha kumi na nne, kipimo hata kimoja hamna," naandika, halafu Jumatano analisoma gazeti na kuniambia, "Mwanangu, huyu Macho Manne ana akili, tunafikiri sawasawa kabisa," nami naitikia, "Kweli, mama," huku haya imenishika mpaka masikioni.

Sasa wiki iliyopita niliisifu tamthilia ya hospitali, hasa pale nesi mkuu anapomrudishia daktari pete mbele ya wagonjwa, kumbe tukio hilo halipo, umeme ulikatika katikati ya kipindi na mama akaimalizia hadithi mwenyewe tukiwa tunakula, mimi nikadhani alishaitazama yote siku za nyuma. Wasomaji wanapiga simu kuuliza pete iko sehemu ya ngapi, na mhariri amefurahia hizo simu, amepanga Macho Manne akutane nao ukumbini Jumamosi, na aliyejiandikisha wa kwanza ni mama! Siku ile ya pete aliusoma ukurasa wangu mara mbili, akacheka peke yake, mkutano ulipotangazwa akaenda kununua kitambaa, na gauni limeshakamilika. Je, nisingizie homa? Mke wangu anasema nitajijua. Kazi naiogopea, lakini zaidi sitaki yule mama anione mwizi, kwa sababu nampenda kuliko ninavyojua kumwambia.

Mbumbumbu wa Rimoti

Ndugu Mbumbumbu,

Nimecheka, kisha nikanuna. Mimi ni mmoja wa wale walioitazama tamthilia hiyo sehemu zote kumi na mbili wakiisubiri pete, na hilo sijakusamehe bado. Kuchukua maneno ya mtu na kuyatia jina lako ni wizi, hata kama ulikuwa unamsaidia kumenya viazi. Hapo sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Lakini hebu tumia kichwa chako mwenyewe, mara moja tu. Pete ile ilitoka kichwani mwa mama, haijaonekana kwenye televisheni ya mtu yeyote. Siku chache baadaye anaikuta gazetini. Walioisikia hadithi hiyo ni wangapi? Wewe, mkeo na sahani zenu. Mama anajua, bwana! Kucheka kule kulikuwa kwa kujua, na hilo gauni hakulishona aende kumshangaa mgeni. Anangoja kuona kama mkwewe ana ubavu wa kusema.

Homa usiithubutu. Ukijilaza Jumamosi, atakuuguza mwenyewe akiwa amevaa gauni lile, na utatamani ardhi ikumeze.

Kesho asubuhi nenda kwa mhariri, umweleze yote bila kupunguza, na uwaombe radhi wasomaji kuhusu pete. Atafoka, mwache afoke. Kisha mwambie kwamba ukurasa huo una mwandishi mmoja na mtazamaji mmoja, na kuanzia wiki ijayo jina la mtazamaji litangulie. Jumamosi wewe utabeba maikrofoni, mama atabeba mazungumzo.

Ila kwanza, leo hii, weka kisu chini, mtazame usoni, umwambie: "Mama, Macho Manne ni wewe." Akikuuliza kwa nini ulichelewa hivyo, usijitetee. Mwambie ulikuwa unapenda kumsikiliza kwa sababu unampenda, maana hilo ndilo neno pekee katika barua yako yote ambalo hukumwibia mtu.