Msimu Ule Umerudi

Baní, mwisho wa Januari

Kaka yangu mpendwa Eligio,

Pokea salamu nyingi zangu na za Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nueva York, na kile kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze kimepoa. Sisi hatujambo, ila goti la Baba linamlalamikia kila akipanda ngazi za uwanjani, na mimi usingizi umenihama.

Najua ulitukataza kukutajia besiboli. Kwenye simu huwa unaniwahi: "Nereida, badilisha mada au nakata." Ndiyo maana nimeandika, kaka. Nivumilie, usome mpaka chini.

Timu yetu ya Wachumvi iliuanza msimu huu vibaya hata ikawa aibu kuvaa kofia yake sokoni. Kocha alifukuzwa kabla ya Krismasi, akaletwa mwingine, na timu ikaanza kushinda, ikashinda tena, mpaka tukajikuta fainali. Kila jioni Baba akawa anakaa mlangoni na redio yake, anarudia neno moja: "Msimu ule umerudi." Nawe unajua kwake msimu ule ni upi. Ni ule wako wa mwisho kuwarushia Wachumvi mpira, kabla hujatukimbia.

Alikuwa na hoja zake. Mwaka ule nao tulianza kwa kupigwa, kocha akafukuzwa, tukapanda. Chago, jirani yetu anayecheza domino na Baba, alimcheka: "Don Fausto, msimu haujarudi. Wewe ndiye uliyebaki huko!" Baba akamjibu anyamaze, mtu asiyejua kuhesabu madoa ya domino atahesabu misimu?

Lakini kilichoniondolea utulivu ni jambo jingine. Katikati ya msimu walimleta mrushaji mpya kutoka Barahona, kijana mrefu aitwaye Darlin. Siku ya kwanza alipopanda kwenye tuta la kurushia mpira, Baba alinishika mkono akaniumiza. "Tazama anavyofuta jasho kwa bega," akasema. "Tazama anavyouchimba udongo kwa ncha ya kiatu." Nikamwambia warushaji wote huchimba udongo. Akasema si hivyo, hivyo ulichimba wewe tu. Basi nikaanza kuogopa, nikadhani akili ya mzee inaondoka. Nikiteleka wali nauacha nikasikilize redio; nikikaa redioni nasimama kwenda kumchungulia Baba. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilitaka msimu uishe, na nilitaka usiishe.

Fainali ikaja, mchezo wa kuamua, hapa nyumbani. Tunaongoza kwa alama moja, kipindi cha mwisho, amebaki mpigaji mmoja wa kutolewa. Kocha akamwita Darlin. Kaka, uwanja mzima ulipiga kelele, isipokuwa wazee, maana waliukumbuka mpira wako wa mwisho. Baba alikuwa amesimama, kofia kifuani. Wapinzani, waliopewa na kura zamu ya mwisho ya kupiga, walikuwa na mtu kwenye kituo cha kwanza. Darlin akafuta jasho kwa bega, akarusha, na lile gongo likalia mlio uleule. Mpira ulipita juu ya ukuta, ukapotelea kwenye minazi; wakapata alama mbili, tukashindwa.

Wakaanza kurusha vikombe vya bia, kama walivyokurushia wewe. "Rudi Barahona!" "Kauze samaki!" Mimi nikajiinamia. Nilipoinua macho, kijana alikuwa bado palepale kwenye tuta. Hakukimbilia ndani. Aliwangoja wenzake wote, akawashika mikono mmoja mmoja, ndipo akatoka akiwa wa mwisho, bia ikimchuruzika shingoni.

Nikageuka, Baba hayupo! Mzee mwenye goti bovu alikuwa ameshafika kwenye geti la wachezaji, anasukumana na askari. Nilimkuta akisema, "Mwanangu alinipita kwa mlango wa nyuma, nikabaki nimesimama hapa mpaka taa zikazimwa. Huyu hanipiti." Darlin alipotoka, Baba akamkamata uso kwa mikono miwili. Nikaanza kumwomba kijana radhi, kwamba mzee amechoka, amemfananisha na mtu.

Darlin akasema taratibu, "Hajanifananisha, shangazi."

Nyuma yake alikuwa amesimama mama yake, akanisalimu kwa jina. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Ni Damaris, Eligio. Damaris Cuevas aliyekuwa akiuza tiketi dirishani, aliyekuja kuulizia anwani yako wiki uliyoondoka, nasi hatukuwa nayo. Hakuulizia kwa sababu ya mapenzi tu. Alirudi kwao Barahona akajifungua, akamlea mwenyewe, na hakumficha mtoto jina la baba yake.

Huyo ni mwanao, kaka. Sina namna laini ya kuandika hivyo.

Jana walikuja kula kwetu. Baba alimlazimisha kijana amalize sahani mbili za mchuzi mzito wa sancocho, na Chago alikuja kuchungulia akaondoka bila mzaha hata mmoja. Nilimuuliza Darlin kama ana hasira nawe. Akafikiri, akasema alikuwa nayo, lakini siku ile kwenye tuta, bia ikimwagika kichwani, alielewa kwa nini mtu anaweza kukimbia. Kisha akanipa ujumbe, nami nauleta kama alivyousema: "Mwambie aje. Ila aje siku isiyo na mchezo. Siku ya mchezo atautazama mkono wangu tu."

Msimu umekwisha, Eligio. Mpaka Oktoba hakuna mchezo siku yoyote.

Baba anakusalimu, amekwisha kutandika kitanda kwenye kile chumba cha nyuma. Damaris naye ameniruhusu nikuandikie kwamba hajambo. Vaa vizuri, usikifanyie kifua mzaha.

Ni mimi dada yako,
Nereida