Linki Iliyomzika Mwenyekiti

Jumatatu, 10 Machi

Nimepanguza meza, nimewasha kompyuta, nimekunywa chai ya pili. Ukurasa wa mkutano mkuu wa chama chetu cha wakulima wa chai umekamilika. Humo tunamuaga mwenyekiti, Mzee Momanyi, anayestaafu. Nimeukagua neno kwa neno. Jioni nimetuma linki kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Naogopa. Niko kwenye majaribio bado, na Ijumaa Madam Kerubo, meneja wetu, ataamua kama nabaki kazini.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Ukurasa ni mzuri, lakini hakuna aliyeufungua. Sikuangalia linki inavyoonekana kundini. Sikuichagulia picha, WhatsApp ikajichukulia ya kwanza: uso wa mzee. Chini yake kichwa nilichoandika mwenyewe: jina lake, mwaka alioanza uenyekiti, kistari, mwaka huu. Hapa kwetu tangazo la namna hiyo lina maana moja tu. Alfajiri akina mama wa Manga wamefika kwake na kuni na ndizi za matanga. Wamemkuta akinyoa ndevu.

Mzee amenipigia simu. “Moraa, mwanangu, mazishi yangu ni lini? Nijipange.”

Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Jumatano, 12 Machi

Nimebadilisha kichwa: Karibuni Mkutano Mkuu. Nimeweka picha ya shamba la chai. Nimetuma tena. Uso uleule. WhatsApp imehifadhi ile ya Jumatatu na haitaki kusoma upya. Shemeji yake Mzee, wa kule Keumbu, ameuliza kama turubai za mazishi zimepatikana.

Madam Kerubo amesimama mlangoni. “Moraa, huyu mzee utamzika mara ngapi?”

Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata dawa. Nimeongeza herufi mbili mwishoni mwa anwani ya ukurasa, WhatsApp ikadhani ni linki mpya. Safari hii nimejitumia mwenyewe kwanza. Yametokea majani ya chai, mabichi kabisa. Nimejifungia chooni nikalia kidogo. Kisha nimefuta zile za zamani na kutuma hii.

Mzee ametuma ujumbe wa sauti kundini: “Mimi ni mzima. Kuni sirudishi.”

Hapo nimecheka.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mkutano. Ukumbi umejaa hadi nje. Wengi wamekuja kumwona kwa macho yao. Wamemshika mkono mmoja mmoja, wengine wamemfinya.

Madam Kerubo hakunisifu. Amenipa ufunguo wa ofisi, akasema kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayefungua. Nje mvua ilikuwa ikinyesha; nimekaa kwenye ngazi na ufunguo wangu mpaka ikakatika.