Shamba Lililoshiba

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Karungu tu wazima, isipokuwa goti langu. Ng'ombe mweusi amezaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Barua yako imenichanganya kichwa. Unasema udongo wa nyuma ya nyumba, ule uliokwenda kuupima, una fosforasi nyingi mno, iliyotokana na samadi na mbolea, na ndiyo huyanyima mahindi zinki hadi majani yatoke michirizi myeupe. Halafu unauliza kwa nini sipandi pale.

Uhuru ulikuwa mpya, nami nimeolewa juzi. Pale palikuwa zizi la zamani. Kila msimu nilimwaga samadi na majivu, kisha mbolea ya bwana shamba juu yake. Msimu wa nne mahindi yakachipuka na michirizi myeupe. Mama mkwe akayatazama, akaniuliza polepole, "Mwanangu, ulipanda kabla yangu?"

Kwetu mama mkwe hupanda kwanza. Mke wa mwanawe akimtangulia, ameita kifo nyumbani. Mimi sikumtangulia. Lakini shamba nililolilisha hivyo lingeuguaje bila kosa? Nikasema, "Ndiyo, mama."

Alilia, akanisamehe, na pale hatukupanda tena. Tangu hapo, kila msimu mpaka alipofariki, alinishika mkono tukaenda kupanda pamoja mashamba mengine.

Sasa unaniambia shamba lilikuwa limeshiba tu. Nilikiri kosa nisilolifanya, nikapendwa kwa hilo. Sijui nicheke au nilie.

Kaburi lake liko kando ya shamba lile. Mara mbili nimekwenda na barua yako nimsomee, na mara mbili nimerudi nayo mfukoni.

Nyanya yako