Tanbihi ya Mia na Kumi na Mbili

Ephraim, Utah
Jumatatu, 11 Machi 2019

Dada yangu mpendwa LaRue,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mesa ukiwa na nguvu, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu tulipozungumza wakati wa Krismasi. Siku ile ulinilalamikia tena kwamba picha ya Jaji haikai wima ukutani mwa sebule yako, hata baada ya mwanao kuipigilia msumari mpya. Nilicheka nikasema msumari ni mbaya. Nisamehe kicheko kile.

Mimi ni mzima, kwa kadiri mzee wa miaka themanini na minne anavyoweza kuwa mzima. Theluji ingali imelala vivulini. Tangu mke wangu Maurine alipofariki dunia, akina dada wa kanisa hawajaacha kuniletea viazi vya kuoka kwa jibini, vile vya msibani, nami navila kwa shukrani, ingawa nimevichoka. Naandika kwa mkono kwa sababu ninalotaka kukueleza lastahili kuwa na sahihi chini yake.

Wiki tatu zilizopita Dada Verla Stubbs alikuja kunitembelea. Utamkumbuka; ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani tulipokuwa watoto, akitukemea kwa macho bila kukosea noti. Sasa ana miaka tisini na mitatu, na daktari amemwambia kwamba hataliona jani la kwanza la mwezi Mei. Aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake Kaylene, akakitazama kiti kilichoko karibu na dirisha la maktaba yangu, kiti walichokuwa wakikalia wanafunzi wangu, akasema hatakikalia kile, kina mtu. Kaylene akaomba radhi, akasema bibi anatania. Dada Verla akamwambia, “Nyamaza, mtoto. Nikitania utajua, utacheka.”

Alikuja kwa ajili ya mama yake, Elnora Bruun. Unaijua habari hiyo kama inavyonong’onwa hapa mjini: kwamba mama wa Elnora, Metta Bruun, alikuwa mke wa pili wa Jaji Lauritz Thygesen, babu wa baba yetu, na kwamba Elnora alikuwa binti yake. Dada Verla ana ombi moja tu kabla ya kufa. Anataka kwenda katika hekalu la Manti, apige magoti yeye mwenyewe badala ya marehemu mama yake, ili Elnora aunganishwe na baba yake kwa milele. Alisema mama yake alikaa miaka sabini duniani akiitwa mtoto wa hakuna mtu, na haiwezekani afike mbinguni akaulizwa jina la baba, aanze kujiumauma.

Kinachomzuia ni mimi. Kaylene ameliandika jina la Metta kando ya jina la Jaji katika ule mti wa ukoo ambao sote tunauandika kwa kompyuta, na ambao hekalu huutazama kabla ya kuruhusu ibada hiyo. Ameliandika mara nne, na mara nne binamu zetu wamelifuta. Kila wanapolifuta hutoa sababu ileile: hakuna ushahidi, tazama wasifu ulioandikwa na Profesa Orval Thygesen, tanbihi ya mia na kumi na mbili.

Dada Verla alinitazama, akasema, “Ndugu Profesa, umeandika kurasa mia nne kumhusu mwanamume mmoja, mpaka farasi wake umemtaja kwa jina. Bibi yangu hukumpatia hata mstari mmoja?” Nilimjibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba mwandishi wa wasifu hufuata hati, na hati hazisemi. Akasema, “Basi nikifika huko kabla yako nitakungoja mlangoni, uzisome hizo hati zako mbele yake.” Kisha akaniuliza kama nina pipi ya mnanaa. Nilikuwa nayo.

LaRue, hati inayosema ipo, nami naijua tangu zamani. Lakini nianze na nakala ya kesi ya mwaka 1887, iliyomo katika meza yangu. Ndiyo miaka ambayo maofisa wa serikali walikuwa wakiwasaka wanaume wenye wake wengi, nao walimpandisha Metta kizimbani akiwa na mimba ya miezi minane, ili atoe ushahidi kwamba Jaji ni mumewe. Aliulizwa mara kumi na moja kama anamjua. Mara kumi na moja alijibu, “Simjui mtu huyu.” Mwendesha mashtaka akamwuliza baba wa mtoto ni nani. Akajibu, “Sijui.” Karani wa mahakama, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kilichosikika, akaandika baada ya jibu hilo: “Kicheko.” Jaji aliachiliwa, akarudi katika kiti chake kuhukumu watu. Metta alikwenda kuishi nyuma ya nyumba ya kaka yake.

Tangu Maurine aondoke, kila Jumapili alasiri nirudipo kutoka kanisani, nakuta mto wa kile kiti cha dirishani umebonyea. Nilifundisha sheria ya ushahidi kwa miaka thelathini na mmoja, na najua shahidi aruhusiwa kusema nini. Sisemi kwamba nimemwona mtu. Nasema kwamba mto hubonyea, nami huunyoosha kwa mkono wangu, na Jumapili ifuatayo huwa umebonyea tena. Nasema pia kwamba nikiketi kuandika, nasikia kama pumzi ya mtu aliyekwisha kuapa, anayengoja kuulizwa swali la kumi na tatu. Wala kiti hakinielekei mimi. Kinatazama mlango, kama shahidi anayengoja jina lake liitwe.

Sasa nafikia lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1981, ulipokuwa ukinipigia kitabu kwa taipureta yako, nilikuletea tanbihi ya mia na kumi na mbili. Ilisema kwamba katika shajara ya Jaji ukurasa wa siku ya kesi haupo, umeliwa na panya. Ulikuwa umeishika shajara yenyewe siku mbili kabla. Ulinitazama juu ya miwani ukaniuliza, “Orval, panya wa hapa Sanpete siku hizi wanatumia wembe?” Nikakuambia upige kilichoandikwa. Ukapiga.

Ukurasa ule niliukata mimi. Kwa mkono wake Jaji aliandika: “Leo Metta amesema hanijui, kama nilivyomwagiza. Mtoto ni wangu. Wamemcheka, nami nilikuwa nimeketi pale.” Kitabu changu chote kilisimama juu ya hoja moja, kwamba mtu huyu hakuwahi kumwagiza mwingine aape uongo. Nilijiambia kwamba naulinda ukoo, na kwamba baba yetu mgonjwa asingestahimili. Baba alifariki mwaka uliofuata, nami sikusahihisha neno. Nilichokilinda ni hoja yangu. Metta aliapa uongo ili mumewe asifungwe. Mimi niliuapa tena katika tanbihi ili nisifiwe, na binamu zetu wakauamini kwa sababu niliwafundisha kuamini tanbihi.

Sikuweza kuuchoma. Niliuweka mahali ambapo sitauona. Kitabu kilipotoka nilikupa zawadi ya picha ya Jaji katika fremu ya mwaloni. Umo humo, dada yangu, nyuma ya picha, chini ya ile karatasi ya kahawia. Umekaa nao sebuleni kwa miaka thelathini na minane, na ndiyo sababu sicheki tena nikisikia kwamba picha haikai wima.

Nakuomba uishushe leo, kabla hujamaliza chai yako ya mitishamba. Pasua karatasi ya nyuma taratibu kwa kisu kidogo. Usiutume kwangu. Niliwahi kuushika mara moja, na siuamini mkono wangu. Mpigie simu Kaylene akueleze njia ya haraka zaidi ya kuufikisha kwa bibi yake. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Binamu zetu nitawaandikia mimi, kila mmoja, kwa jina langu kamili, nami nitamweleza askofu.

Jana, Jumapili, niligeuza kile kiti kikatazama meza yangu. Niliandika barua hii mara ya kwanza mbele yake, nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Leo nimeinakili kwa mwandiko safi.

Nisalimie wanao na wajukuu, na Mungu akupe usingizi mwema baada ya haya niliyokutwika. Bahasha ya ukurasa ule usiiandike “Dada Stubbs,” kama tulivyozoea kumwita kanisani. Ni binamu wa baba yetu, mtoto wa binti wa Jaji. Andika: “Kwa Shangazi Verla.”

Ni mimi ndugu yako,
Orval Lauritz Thygesen